Mama Anaendeleaje? Vizuri, Tunamshukuru Mungu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wasomaji wawili wameniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kazi imekuwa nyingi, na nyumbani tumekuwa na mgonjwa. Leo nataka kuzungumzia jambo lililotokana na ugonjwa huo. Litaonekana kuwa la madaktari, lakini vumilieni, mwishoni litarudi kwenye tarakilishi.

Jumamosi moja jioni nilikuwa kwa shangazi yangu, Umoja, ghorofa ya nne. Simu ya binamu yangu, kifungua mimba wake, ikalia. Alikuwa akimenya viazi, kwa hiyo akaiweka kwenye spika. Dada mmoja mpole akasema anapiga kutoka hospitali alikotibiwa shangazi (sitaitaja), na kwamba wanafuatilia wagonjwa wao mwaka mmoja baada ya matibabu.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, dada, tunamshukuru Mungu."

"Anatembea?"

"Anatembea."

"Haya, asante sana. Msalimie mama, Mungu azidi kumponya."

Simu ikakatika. Haikufika hata dakika moja. Mahali fulani jijini Nairobi, shangazi akaandikwa kuwa amepona.

Sasa niwaeleze shangazi alikuwa na nini. Mmewahi kuona tairi kuukuu la baiskeli, lenye mpasuko, na tyubu ikachomoza pale kama puto dogo? Madaktari wana jina la kitu kama hicho kikitokea kwenye mshipa wa damu: aneurisimu. Ukuta wa mshipa unadhoofika mahali pamoja, unavimba, na siku nyingine unapasuka. Ukipasuka kichwani, damu inamwagika kuuzunguka ubongo. Shangazi alikuwa Gikomba akifungua belo la mitumba alipoanguka. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama mtu amempiga nyundo kisogoni.

Tiba kubwa za puto hilo ni mbili. Ya kwanza, daktari wa upasuaji anafungua fuvu na kulibana puto shingoni kwa klipu ndogo ya chuma. Ya pili, wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kichwani, kisha wanalijaza puto kwa nyuzi za platinamu zilizojikunja, ziitwazo koili. Shangazi alifanyiwa ile ya kwanza. Alipona? Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Shangazi anatembea, ni kweli. Anaoga mwenyewe, anapika ugali, anacheka. Lakini hajarudi Gikomba. Hawezi kupanda matatu peke yake, maana siku moja alishuka Donholm akidhani ni Buruburu na akakaa kando ya barabara saa tatu akilia. Binti yake ndiye anayeshika pesa zake, kwa sababu yeye husahau kama amelipa kodi ya nyumba au la. Je, huyu ni mgonjwa aliyepona?

Mimi ni mwandishi wa programu, na ugonjwa wetu sisi ni kutaka kila kitu kiwe namba. Nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba watafiti wa kiharusi na aneurisimu wanayo namba yao. Inaitwa kipimo cha Rankin. Kilibuniwa na daktari John Rankin wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1957, na baadaye kikarekebishwa. Siku hizi kinakwenda hivi:

0 - hana dalili yoyote.
1 - ana dalili, lakini anafanya kazi zake zote za kawaida.
2 - hawezi kufanya yote aliyoyafanya zamani, lakini anajitunza mwenyewe bila msaada.
3 - anahitaji msaada kidogo, lakini anatembea mwenyewe.
4 - hawezi kutembea bila msaada wala kujihudumia mwilini.
5 - yuko kitandani, anahitaji uangalizi wakati wote.
6 - amefariki.

Usiku ule nikafanya jaribio. Nikaandika orodha hiyo kwenye karatasi, nikawapa watu wanne, kila mmoja peke yake, wamwekee shangazi alama. Binamu yangu aliyepokea simu akasema 1. Dada yake, anayeshika pesa, akasema 3. Mimi nikasema 2. Shangazi mwenyewe akaniangalia kwa dharau kidogo na kusema, "Mimi niko sawa, wewe. Andika sifuri."

Mtu mmoja, siku moja, alama nne tofauti. Programu yangu ingetoa majibu manne kwa ingizo moja, bosi angenirudisha nyumbani.

Mtasema: hao ni ndugu, si madaktari. Haya, tuwaangalie madaktari. Mwaka 1988 van Swieten na wenzake, Uholanzi, walichapisha jaribio linalofanana na langu, ila lao lilikuwa la maana. Wagonjwa 100, kila mmoja akapimwa na madaktari wawili kwa kipimo hiki cha Rankin. Madaktari walikubaliana kwa wagonjwa 65. Kwa wagonjwa 32 walitofautiana daraja moja, na kwa 3 walitofautiana madaraja mawili.

Na hata hiyo 65 isituridhishe haraka. Tuseme kuna wakaguzi wawili wavivu, kila mmoja anaandika "vizuri" kwa watu 90 kati ya 100 bila hata kuwatazama. Kwa bahati tu watakubaliana kwa watu kama 82! (Piga hesabu: 0.9 mara 0.9, ongeza 0.1 mara 0.1.) Kwa sababu hiyo wanatakwimu hutumia namba iitwayo kapa, iliyobuniwa na Jacob Cohen mwaka 1960, ambayo huondoa makubaliano ya bahati. Kapa ya 0 maana yake mnabahatisha, kapa ya 1 maana yake mnaona kitu kimoja. Wale Waholanzi walipata 0.56. Mwaka 2009 Quinn na wenzake walikusanya tafiti 10 za aina hii, na kwa jumla kapa ikawa 0.46. Si bahati nasibu, lakini si rula pia.

Watetezi wa kipimo wana jibu, na ni jibu zuri. Wanasema tofauti nyingi ni za daraja moja tu, hakuna anayemwita mtu wa kitandani mzima. Ukiipima kapa kwa kuyaadhibu zaidi makosa makubwa, wale Waholanzi wanafika 0.91. Sawa kabisa. Lakini tuangalie watafiti wanavyozitumia namba hizi.

Utafiti mashuhuri kuliko yote wa kulinganisha klipu na koili unaitwa ISAT. Uliongozwa kutoka Oxford, wagonjwa 2143 waliopasukiwa na aneurisimu, wengi wao Uingereza. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na asilimia 30.6 kwa klipu. Tofauti ya takriban pointi 7. Utafiti huo ulibadilisha tiba ya ugonjwa huu katika nchi nyingi. "Tegemezi au kufariki" hapo ni Rankin ya 3 hadi 6. Yaani madaraja saba yamekunjwa kuwa mawili, na wembe umepita kati ya 2 na 3.

Mnaona sasa? Daraja moja ni kosa dogo ukiwa na ngazi ya vidato saba. Lakini ukishaikata ngazi vipande viwili, kosa la daraja moja pale pale kwenye wembe ni kosa zima. Mimi nikisema 2 na binamu yangu akisema 3, hatujatofautiana kidogo. Mmoja ameandika "tiba imefaulu" na mwingine ameandika "tiba imeshindwa".

Je, maana yake ISAT ni uongo? Hapana, na naomba mtu asinukuu blogu hii kwa kusema hivyo. Kwanza, wagonjwa waligawiwa tiba kwa bahati nasibu. Pili, habari za hali yao zilikusanywa kwa dodoso lililotumwa kwa posta kwa wagonjwa, daktari aliyepasua hakujipa alama mwenyewe. Tatu, kifo hakina mjadala, hakuna kapa ya marehemu.

Nikafungua tarakilishi nijionee kosa la kipimo linafanya nini. Hesabu ni rahisi, hata kwa kikokotoo cha simu utaiweza. Tuseme ukweli ni kwamba asilimia 30 wanaishia vibaya kwa tiba A na asilimia 24 kwa tiba B. Tofauti ya kweli ni pointi 6. Sasa tuseme kipimo kinakosea mtu 1 kati ya 10, pande zote sawa, wazima wakiandikwa wabaya na wabaya wakiandikwa wazima. Utakachokiona ni asilimia 34 na 29.2. Tofauti imeshuka hadi pointi 4.8. Hilo ni kosa la kipofu: halizushi tofauti, linaififiza. Ili uione tena unahitaji wagonjwa zaidi ya mara moja na nusu.

Kosa la pili ni baya zaidi. Tuseme tiba zote mbili ziko sawa, asilimia 30 na 30. Ila wanaotoa tiba B ndio wanaopima wagonjwa wao wenyewe, na kwa wema tu wa moyo, kila mgonjwa 1 kati ya 5 walioishia vibaya anaandikwa "anaendelea vizuri". Utaona asilimia 30 dhidi ya 24. Pointi 6 zimetoka hewani! Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, ila kila mtu alitaka kuona alichotamani kuona.

Hili si jambo la kinadharia. Baada ya koili, wagonjwa hupigwa picha ya mishipa kuona kama puto limeziba. Kuna madaraja matatu yanayotumika sana, ya kundi la Jean Raymond wa Montreal: limeziba kabisa, limebaki kidogo shingoni, au bado damu inaingia. Picha ni picha, mtasema, haina maoni. Lakini mwaka 2013 Rezek na wenzake walizilinganisha tafiti nyingi, wakakuta kwamba picha zikisomwa na maabara huru, matokeo mabaya yanaonekana mengi zaidi kuliko zikisomwa na hospitali iliyotibu. Sisi waandishi wa programu hatushangai. Nani kati yetu hupata kasoro nyingi katika programu aliyoiandika mwenyewe? Ndiyo maana tunampa mwenzetu aipitie.

Turudi nyumbani. Mwaka 2009 Profesa Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha uchunguzi wa aneurisimu za kichwani katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kuanzia 1998 hadi 2007. Miaka kumi, wagonjwa 56. Ni kazi ya thamani, maana kabla yake wengi walisema Waafrika hawapati sana ugonjwa huu. Lakini tazameni hiyo namba. ISAT ilikuwa na watu 2143, kwa hiyo iliweza kuvumilia kipimo kinachofifiza. Ukiwa na wagonjwa 56, kila mmoja ni karibu asilimia 2. Mkosee mmoja tu kwa sababu mwanawe alisema "tunamshukuru Mungu", na umeshasogeza matokeo. Walio na wagonjwa wachache ndio wanaohitaji rula iliyonyooka zaidi.

Na rula yetu ina tatizo jingine, nalo ni lugha na maisha yetu. Kiswahili chenyewe hakiruhusu mtu kujibu "vibaya" mwanzoni. "Habari ya nyumbani?" "Nzuri, ila mtoto amelazwa." Nzuri inatangulia, ukweli unakuja baada ya "ila". Yule dada wa hospitali hakungoja "ila". Kisha chukua daraja la 2 na la 3: anajitunza bila msaada? Katika nyumba ya vyumba viwili Umoja wanamolala watu sita, nani anajitunza peke yake? Hata kabla ya kuugua shangazi hakuwa akifua mwenyewe. Maji yakikatika, vijana ndio hupandisha mitungi ghorofa ya nne. Huko Glasgow mtu anaweza kuulizwa kama angeweza kuishi peke yake. Kwetu swali hilo ni kama tusi.

Kuna waliolishughulikia tatizo la aina hii, tena jirani zetu. Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa mradi uitwao IDEA walihitaji kujua kama wazee wenye dalili za kupoteza kumbukumbu wanaweza kazi za kila siku. Badala ya kutafsiri tu maswali ya Ulaya, walitunga yanayolingana na maisha ya hapo, wakayajaribu, wakabaki na maswali 11. Yalichapishwa mwaka 2014. Ni ugonjwa mwingine, lakini njia ni ile ile: kwanza unaipima rula, halafu ndipo unawapima watu.

Najua kuna atakayesema, "Ndugu, watu hawana hela ya kipimo cha kichwa, wewe unalilia kapa?" Swali la haki. Jibu langu ni hili: siku moja atakuja mtu na koili za bei ghali, au na klipu za bei nafuu, na atawaambia wakuu wa hospitali na bima kwamba zake zinafanya kazi. Atatumia namba gani? Zile zinazokusanywa leo kwa simu ya dakika moja. Pesa kidogo tulizo nazo zitafuata namba hizo.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba, na hakuna hata moja linalohitaji mashine:

1. Maswali yaandikwe neno kwa neno, na yaulizwe vile vile kwa kila mgonjwa. Lindsay Wilson na wenzake wa Uskoti walitengeneza mahojiano ya namna hiyo kwa kipimo cha Rankin mwaka 2002, na katika mkusanyo ule wa 2009 kapa ya mahojiano yaliyopangwa ilikuwa 0.62, si 0.46. Tuwe na yetu ya Kiswahili. Usiulize "anaendeleaje?" Uliza "nani alishika pesa zake wiki iliyopita?" na "kabla ya kuugua alikuwa akizishika nani?"

2. Anayeuliza asiwe aliyetibu, na ikiwezekana asijue ni tiba gani ilitumika.

3. Wagonjwa kadhaa wapimwe na watu wawili, na kapa ichapishwe pamoja na matokeo, hata kama inaaibisha.

4. Asiyepatikana kwa simu aandikwe "hakupatikana". Huku kwetu watu hubadilisha laini na kuhamia mashambani. Waandishi wa programu wanajua: tupu si sifuri.

5. Mgonjwa na anayemtunza waulizwe wote wawili, na majibu yasichanganywe. Sifuri ya shangazi ni habari, na 3 ya binti yake ni habari.

Nilisema tutarudi kwenye tarakilishi. Jumatatu iliyofuata binti wa shangazi aliipigia ile namba. Yule dada akapokea, akakumbuka. Binamu yangu akamweleza habari ya matatu, ya pesa, ya Donholm. Dada alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa masikitiko, "Pole sana, dada yangu. Lakini hapa kwenye tarakilishi nina visanduku viwili tu, 'vizuri' na 'vibaya'. Mama anatembea. Nikimwandika 'vibaya' nitaulizwa."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Kosa halikuwa lake, wala la binamu yangu wa viazi. Mtu aliketi mahali, pengine usiku kama mimi, akiwa na tarehe ya kukabidhi kazi, akaunda visanduku viwili kwa sababu viwili ni rahisi kuviprogramu. Mimi mwenyewe nimeshaunda visanduku vya namna hiyo. Kimoja kiko katika mfumo wa chama cha akiba na mikopo, kingine katika mfumo wa shule, na sikumuuliza yeyote nini kitapotea kati ya "ndiyo" na "hapana".

Wiki hii nimeandika fomu ndogo yenye maswali tisa ya Kiswahili, na shangazi ndiye mjaribuji wangu wa kwanza. Swali la matatu amelibadilisha yeye. Nilikuwa nimeandika "Je, unaweza kusafiri peke yako?" Akasema hilo halina maana, kila mtu atasema ndiyo. Akaniambia niandike: "Ukitumwa mjini kesho asubuhi, nyumbani watakuwa na wasiwasi?"

Kama unafanya kazi katika kliniki, au ulishawahi kumtunza mtu wa kiharusi, niandikie maswali ambayo wewe ungeyauliza. Na kama ni mwandishi wa programu mwenzangu, kabla ya kuunda kisanduku chako kijacho, mtafute shangazi mmoja umuulize.